Kwa nini fonti niliyochagua haionekani kwenye simu za wazazi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Mbeya, na ndiye niliyepewa kazi ya tovuti ya shule. Kwenye laptopu yangu ya Windows kurasa zinapendeza: aya nimeziweka kwa Calibri, vichwa kwa Pacifico, ile fonti ya mwandiko, ambayo faili lake la TTF nimelipakia kwenye seva. Wazazi wanaofungua kwa simu wananiambia mambo matatu. Maandishi wanayoyaona wao si kama yangu. Vichwa ni vizito kupita kiasi, kama vimechapwa mara mbili. Na wengine wanasema vichwa havionekani kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu vinatokea ghafla. Mwenzangu kanishauri niweke tagi ya font kila mahali ili "kulazimisha". Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, hayo ni matatizo matatu yaliyokufikia siku moja, na kila moja lina chanzo chake. Yote yanarekebishika bila kununua kitu.

Nianze na ushauri wa mwenzako, maana ukiufuata utajiongezea kazi. Tagi ya font ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1990, ikaingizwa rasmi katika HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) toleo la 3.2 mwezi Januari 1997, na kabla mwaka huo haujaisha HTML 4.0 ikaiweka kwenye orodha ya vitu vya kuachwa. HTML5 haiihesabu tena kuwa halali. Vivinjari bado vinaisoma ili kurasa za kale zisivurugike, basi. Lakini hata tuuweke kando uzee wake, tagi hiyo hailazimishi chochote. Hakuna namna, ya zamani wala ya sasa, ya kuifanya simu ionyeshe fonti ambayo haina na ambayo hukuipelekea.

Unapoandika `font-family: Calibri` kwenye CSS, yaani lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, unaomba tu. Kivinjari kinalitafuta jina hilo kwenye kifaa cha msomaji. Kikilikosa kinakwenda kwenye jina linalofuata, na majina yakiisha kinatumia fonti yake ya kawaida. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani: leta Fanta, kama haipo leta Mirinda, kama nayo haipo leta soda yoyote ya machungwa. Wewe ulisema Calibri ukanyamaza, kwa hiyo kila simu ikajichagulia.

Calibri ni mali ya Microsoft. Iliingia kwa watu wengi na Windows Vista na Office ya 2007, ikawa fonti ya kawaida ya Word hadi 2023 ilipopisha Aptos. Android haina Calibri, iPhone haina. Mzazi mwenye iPhone akifungua ukurasa wako anaona Times, herufi zenye vijimkia miishoni, zisizofanana hata kidogo na ulichokusudia. Na usijaribu kulichukua faili la Calibri kutoka kwenye laptopu yako ulipandishe kwenye seva, maana leseni inayokuja na Windows haikupi ruhusa hiyo.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Mtu atakwambia, "Mimi natumia Arial na kwenye simu inatoka vizuri." Hajui kwamba anachokiona si Arial. Android ina orodha ya ndani inayoelekeza majina kama Arial, Helvetica, Tahoma na Verdana kwenye fonti yake isiyo na vijimkia, kwa kawaida Roboto, na inaelekeza Times New Roman na Georgia kwenye Noto Serif. Kwa kuwa Calibri haimo kwenye orodha hiyo, yeye amebahatika na wewe hukubahatika.

Basi aya uzifanyeje? Ningekuwa mimi ndiye mwenye tovuti ya shule, ningeziachia fonti ya simu yenyewe:

```
body {
  font-family: system-ui, sans-serif;
}
```

Kwa mstari huo mzazi mwenye Android anapata Roboto, mwenye iPhone anapata San Francisco, na wewe kwenye Windows unapata Segoe UI. Hazilingani, ndiyo, lakini kila mmoja anasoma kwa herufi ambazo macho yake yamezizoea tangu asubuhi kwenye ujumbe na mitandao, na hakuna bando linalokatwa kwa ajili ya fonti. Mzazi anakuja kutafuta tarehe ya kufungua shule na kiasi cha michango. Sijawahi kusikia mzazi aliyelalamika kwamba tarehe ya kufungua shule imeandikwa kwa Roboto.

Kama moyo wako uko kwa Calibri, ipo njia nyingine nzuri kuliko kung'ang'ania. Kuna fonti huria iitwayo Carlito, iliyotokana na Lato ya mbunifu wa Poland Łukasz Dziedzic, na imepimwa makusudi ili kila herufi yake ichukue nafasi ileile inayochukuliwa na herufi ya Calibri. Mistari inakatika mahali palepale. Unaipakia kwenye seva, kisha unaandika hivi, ambapo `@font-face` ndiyo inayokiambia kivinjari faili la fonti liko wapi:

```
@font-face {
  font-family: "Carlito";
  src: url("/fonti/carlito.woff2") format("woff2");
  font-weight: 400;
  font-display: swap;
}
body {
  font-family: Calibri, "Carlito", sans-serif;
}
```

Angalia ulivyo mpangilio. Kivinjari hakipakui faili la `@font-face` mpaka kihitaji kulitumia. Mwenye Windows ana Calibri tayari, kwa hiyo Carlito haishuki kwake. Mwenye simu hana, kwa hiyo inashuka. Kila upande unapata kurasa za umbo moja, na anayelipa bando la fonti ni yule tu aliyeihitaji. Ukiwa na maneno mazito ndani ya aya, pakia pia faili la Carlito la uzito wa 700, yaani la herufi nzito, na uliandikie `@font-face` yake. Sababu ya hilo ndiyo inayotupeleka kwenye vichwa vyako.

Pacifico ina uzito mmoja tu, wa kawaida. Haina toleo zito. Lakini kila kivinjari, bila kuambiwa, huchukulia kwamba `h1`, `h2` na wenzao ni maandishi mazito. Kinatafuta Pacifico nzito, hakiioni, basi kinajitengenezea ya kughushi kwa kunenepesha kingo za kila herufi. Kwenye fonti nyembamba za kawaida ughushi huo unavumilika. Kwenye fonti ya mwandiko, yenye vitanzi vidogo ndani ya *e* na *a*, matundu yanajaa na neno linakuwa doa. Hilo lipo hata kwenye laptopu yako, ila macho yamelizoea. Weka hii uone tofauti:

```
h1, h2 {
  font-family: "Pacifico", system-ui, sans-serif;
  font-weight: 400;
}
```

Hiyo `400`, yaani uzito wa kawaida, ndiyo dawa. Ukitaka kuzuia ughushi kwa tovuti nzima, ongeza `font-synthesis: none` kwenye `body`. Lakini ujue kwamba hapo neno ulilotaka liwe zito litabaki la kawaida pale ambapo faili lake halipo, na vivyo hivyo kwa italiki.

Umeona sikumalizia mstari ule kwa `cursive`, ingawa Pacifico ni mwandiko na vitabu vingi vingekushauri hivyo. Neno hilo kila mfumo unalitafsiri kivyake: Android huleta Dancing Script, Windows huleta Comic Sans MS. Fikiria jina la shule kwa Comic Sans kwenye kompyuta ya afisa elimu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme ninavyoona mimi. Pacifico iache kwa jina la shule juu ya ukurasa, labda na kaulimbiu yake. "Matokeo ya kidato cha nne" na "Ratiba ya mitihani" si mahali pa mwandiko. Mtu anayepitisha jicho haraka akitafuta kichwa anachokitaka huchelewa kwenye herufi zilizoungana, na mwenye miwani huchelewa zaidi.

Tatizo la tatu, la vichwa kutoonekana, linatokana na ukubwa wa faili na desturi ya vivinjari. Fonti ya tovuti ikiwa bado njiani, vivinjari vingi huacha nafasi tupu kwa muda, kwa kawaida hadi sekunde 3, ndipo vionyeshe maandishi kwa fonti ya akiba. Wewe huoni hilo kwa sababu laptopu yako imeshalihifadhi faili tangu mara ya kwanza. Mzazi anayefungua kwa mara ya kwanza, mtandao ukisuasua, anaona ukurasa usio na vichwa. Ule mstari wa `font-display: swap` niliouweka kwenye mfano wa Carlito, ukiuweka pia kwenye `@font-face` ya Pacifico, unaondoa kungoja huko: maandishi yanatokea papo hapo kwa fonti ya akiba, kisha yanabadilika Pacifico ikifika. Mabadiliko hayo huonekana kidogo, mistari hucheza, lakini kati ya maandishi yanayocheza na maandishi yasiyokuwepo sidhani kuna mjadala.

Halafu punguza faili lenyewe. TTF ni faili la kuweka kwenye kompyuta. Kwa tovuti tumia WOFF2, aina ya faili la fonti iliyobanwa, iliyopitishwa rasmi na W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) mwaka 2018 na inayoeleweka na vivinjari vyote vya sasa. Na hapa Kiswahili kinatupa nafuu ambayo watu wa lugha nyingine nyingi hawana. Pacifico imebeba herufi za Kirusi, za Kivietinamu na alama za lugha nyingi za Ulaya. Sisi tunaandika kwa alfabeti tupu, bila vikorombwezo juu ya herufi. Yote mengine unaweza kuyakata. Kama una Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye laptopu, sakinisha vifaa vyake viwili, `fonttools` na `brotli`, kisha:

```
pyftsubset Pacifico-Regular.ttf --flavor=woff2 \
  --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+2013-2014,U+2018-2019,U+201C-201D,U+2026" \
  --output-file=pacifico.woff2
```

Faili lililokatwa hivyo mara nyingi huangukia kati ya kilobaiti 15 na 30. Kabla ya kukata soma leseni iliyoambatana na fonti. Fonti huria nyingi zinaruhusu, ila baadhi zinataka ubadilishe jina ukishaligusa faili.

Huenda ukajiuliza kwa nini usiunganishe moja kwa moja na seva ya Google Fonts ukamaliza. Inawezekana, na zamani kulikuwa na hoja kwamba msomaji aliyeipata fonti hiyo kwenye tovuti nyingine asingeipakua tena kwako. Hoja hiyo imekufa: tangu Chrome 86 ya Oktoba 2020, kivinjari huitunzia kila tovuti mafaili yake peke yake, bila kuyachangia na tovuti nyingine, na Safari na Firefox zinafanya vivyo hivyo. Kilichobaki ni muunganisho wa ziada kwa seva ya mbali. Na kwa wasomaji wetu wanaotengeneza tovuti wakiwa Ujerumani, wajue kwamba Januari 2022 mahakama moja ya Munich iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni wake euro 100 kwa sababu fonti za Google zilipeleka anwani ya IP ya mgeni huyo kwa Google bila idhini. Kuweka faili kwenye seva yako kunamaliza yote mawili.

Kuna wazazi ambao hata ufanye nini hawataiona Pacifico. Opera Mini ikiwa kwenye hali yake ya kubana data kabisa haipakui fonti za tovuti. Usihangaike nao. Hakikisha tu kwamba ukurasa unasomeka na kupendeza kiasi bila fonti yoyote ya ziada. Zima mstari wa `@font-face`, utazame, ndipo uuwashe tena.

Sasa, Mwalimu, hukuniuliza kuhusu ukubwa na mpangilio wa maandishi, lakini ningekunyima haki nikinyamaza, kwa sababu wazazi wanaopata tabu kusoma mara nyingi hawasumbuliwi na aina ya fonti. Kwanza hakikisha kila ukurasa una mstari huu kwenye `head`:

```
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Bila huo simu hujifanya ina upana wa pikseli 980, ikachora ukurasa mzima kama wa laptopu kisha ikausinyaza. Ukiona mahali wameongeza `user-scalable=no`, futa; unamnyima bibi haki ya kukuza maandishi kwa vidole. Ukubwa wa aya uwe `1rem`, yaani pikseli 16 kwa kawaida, na usishuke chini ya hapo hata kwenye fomu ya kujiunga: iPhone hukuza ukurasa yenyewe mtu akigusa kisanduku chenye maandishi madogo kuliko 16, kisha anabaki anautafuta ukurasa umekwenda wapi. Nafasi ya mistari weka `line-height: 1.5` au `1.6`. Kwa skrini pana weka `max-width: 65ch` kwenye aya, yaani upana wa kama herufi 65, ili mstari usiwe mrefu mpaka jicho lipotee likirudi kushoto.

Pale ambapo miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haitusaidii ni kwenye urefu wa maneno yetu. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi. Chukua kichwa utakachokihitaji kila mwaka: "Waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano". Neno la kwanza lina herufi 14. Kwa ukubwa wa pikseli 48, ukikadiria kila herufi kuchukua nusu ya hapo, unahitaji 336. Simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 360 za CSS, toa 16 za pembeni kila upande, umebaki na 328. Neno linatoka nje ya skrini na ukurasa mzima unaanza kuyumba kulia na kushoto. Ruhusu ukubwa ufuate upana wa skrini, na uweke kinga:

```
h1 {
  font-size: clamp(1.6rem, 6vw, 2.75rem);
  line-height: 1.25;
  overflow-wrap: break-word;
}
```

Kwenye simu ya 360 hiyo itatoa pikseli 25.6, na kwenye laptopu haitazidi 44.

Kwa sababu hiyohiyo acha kunyoosha aya pande zote mbili kwa `text-align: justify`. Najua tunaipenda, barua zetu za ofisi zote ziko hivyo. Lakini kwenye karatasi ya A4 mstari una maneno kumi na zaidi ya kugawana nafasi. Kwenye simu mstari una maneno manne, na mawili kati yake ni kama "wanaoshughulikia" na "yatakayowasilishwa". Neno refu likisukumwa chini, matatu yaliyobaki yanavutwa mpaka mianya kati yao inatosha kupitisha neno jingine. Lugha nyingine huokolewa na kivinjari kinachojua kukata maneno kwa kistari. Kwa Kiswahili usitegemee hilo. Panga kushoto, upande wa kulia ujiachie. Bado andika `lang="sw"` kwenye tagi ya `html`, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona hutegemea alama hiyo kuchagua sauti na matamshi.

Ukijaribu fonti mpya usiijaribu kwa sentensi ya Kiingereza iliyowekwa kwenye ukurasa wa kuipakulia. Andika "Ng'ombe wa ng'ambo wamekwenda kunyweshwa maji." Tazama *w*, *k* na *y*, ambazo sisi tunazitumia mno, kisha tazama ile alama ya *ng'*. Katika baadhi ya fonti za mapambo imesahauliwa, kivinjari kinaiazima kutoka fonti nyingine na neno linaonekana lina kiraka. Katika nyingine ipo lakini imesimama mbali, *ng* na *ombe* zikaonekana maneno mawili. Kama umetanua nafasi kati ya herufi kwa `letter-spacing`, tatizo linazidi. Chagua alama moja, iliyonyooka au iliyopinda, uitumie tovuti nzima, na usikubali ile ya kwenye kona ya juu kushoto ya kibodi. Hiyo inaegemea upande usio wake.

Rangi nitaipitia haraka. Kiwango cha WCAG, miongozo ya kuzifanya kurasa zisomeke na kila mtu wakiwemo wenye uoni hafifu, kinataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake. Kijivu `#777` juu ya nyeupe kinapata 4.48, kinashindwa kwa unywele; `#767676` kinapita. Lakini mzazi anayesoma akiwa juani kituo cha basi hajali desimali, kwa hiyo tumia `#222` uwe na amani. Na usipigie mstari maneno ambayo si viungo, watu watayabofya.

Limebaki moja, na huenda ndilo litakalokutoa jasho. Ukishaandika yote haya utakuta baadhi ya matangazo bado yanang'ang'ania Calibri. Hayo ni yale uliyoyanakili kutoka Word. Word hubandika maandishi pamoja na mitindo yake ndani ya kila aya, `style="font-family:Calibri; font-size:11.0pt"`, na mtindo ulio ndani ya tagi hushinda ule wa faili lako la CSS. Kuanzia leo bandika kwa Ctrl+Shift+V, inayoacha mitindo nyuma. Kwa yale ya zamani, fungua kila faili kwenye kihariri cha maandishi, tafuta `font-family` na `<font`, ufute. Ukitaka kujua kama umemaliza, bofya kulia juu ya aya ndani ya Chrome, chagua Inspect, nenda kwenye kichupo cha Computed na ushuke hadi chini kabisa. Hapo kivinjari kinakuandikia jina la fonti iliyotumika kweli, si ile uliyoiomba. Fanya hivyo kwenye laptopu, kisha omba simu ya mwalimu mwenzako yenye Android na ufungue ukurasa uleule kwa data, Wi-Fi ya shule ikiwa imezimwa.